Pengo Katikati ya Mbwa

Mwalimu alinipiga kwa mara ya kwanza kabla hajajua jina langu. Nilikuwa nimehamia shule yake huko Dagoretti katikati ya muhula, na kipindi chake cha sayansi kimu, siku ya kudarizi, kilinikuta sina sindano wala adabu. Msichana wa dawati la mbele akaniazima sindano. Nikafunga fundo mwishoni mwa uzi, jinsi mama alivyonifundisha kushona vifungo, nikaanza kazi. Mwalimu akapita nyuma yangu, akakichukua kitambaa, na hakukitazama mbele hata kidogo. Alikigeuza, akaliona fundo langu, ambalo kwake nyuma ya kitambaa lilikuwa kosa, akasema, "Kusanya vidole."

Sikumwelewa. Wenzangu ndio walionionyesha: unakusanya vidole vyote vitano, ncha zikiangalia juu, unanyoosha mkono mbele yako na kungoja. Rula yake ilikuwa ya mbao yenye ukingo wa chuma, na alipiga kwa huo ukingo. Ngozi ya kidole changu cha kati ilipasuka. Alama ipo mpaka leo, naiona kila ninaposhika simu.

Kuna kilichoniuma kuliko rula. Ukishapigwa kwake, hukuruhusiwa kuketi kabla hujasema, "Asante, Mwalimu." Ukisema kwa sauti ya chini, unapigwa tena. Halafu unafumua kila ulichoshona, unakikunja kitambaa mara nne ili upate katikati, na unaanza upya kutoka hapo hapo katikati. Nilisema asante yake. Damu ilikuwa ikinichuruzika mpaka kwenye kiwiko, nami nikasema asante, nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Najua watu wa rika langu hupenda kusema viboko vilitunyoosha. Waseme. Mimi naongea juu ya kidole changu.

Na bado ni mwalimu huyo huyo aliyekuwa akiketi darasani saa ya chakula akishona sare zilizochanika za watoto wasiokuwa na mtu wa kuwashonea, bila kuulizwa na bila kusema neno. Siku msichana mmoja wa darasa letu alipochafuka sketi mbele ya wavulana, Mwalimu alivua sweta lake, akamfunga kiunoni, akamshika mkono na kumtoa nje. Mvulana aliyecheka alimsukuma hata akaangukia dirisha. Sikumbuki kama kioo kilivunjika, nakumbuka tu kwamba yule mvulana hakucheka tena mwaka ule.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikapata watoto, nikafungua kibanda cha nyuzi katikati ya mji, kwenye jumba moja la vibanda ambapo ukinyoosha mikono unagusa kwa jirani pande zote mbili. Nauza sufu, sindano, vitambaa vya kudarizi, na siku mbaya nauza chaja za simu. Mwalimu aliingia humo asubuhi moja, amezeeka, amekonda, amevaa koti la mvua na hakuna mvua. Sikungoja anitambue. Vidole vyangu vilijikusanya vyenyewe chini ya meza. Naapa sikuviambia.

"Wewe nilikufundisha," alisema. "Ulikuwa unafunga mafundo."

Akatoa kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, akakilaza mezani.

Kilikuwa kitambaa kigumu cha matundu matundu, cha zile seti za zamani zilizokuwa zikija kutoka ng'ambo: kitambaa, sufu zake na karatasi ya paterni ndani ya mfuko mmoja. Unahesabu miraba kwenye karatasi na kushona rangi inayotakiwa kwenye tundu lake. Karatasi ikipotea, umebaki na nyavu tupu. Kitambaa hiki kilikuwa kimeshonwa pembeni pote, majani na maua, na mbwa wanne wakubwa wa rangi ya kahawia, wawili kila upande, wote wameruka juu kuelekea katikati, midomo wazi. Katikati hakukuwa na kitu. Pengo la ukubwa wa sahani, matundu matupu. Kwenye kona moja kulikuwa na doa jeusi ambalo sikuuliza ni la nini, kwa sababu nilijua. Nairobi nzima ilikuwa imeisoma habari ile kwenye simu zao kwa siku kadhaa, halafu ikasoma nyingine.

Binti yake alipigwa na mumewe kwa pasi mpaka akafa, ndani ya nyumba yao ya kupanga. Alikuwa karani wa ofisi huko Westlands, msichana mpole, mtoto pekee wa Mwalimu. Seti ile aliinunua kwenye mnada wa kanisa na alikuwa akiishona jioni. Mume alipomaliza unyama wake alichoma vitu vya mkewe kwenye karai, na karatasi ya paterni ikaungua pamoja na mfuko wenye picha. Kitambaa kilipona kwa sababu kilikuwa chini ya mwili. Kilikaa kwa polisi, kikaenda mahakamani kama kielelezo, kisha kikarudishwa kwa mama. Mume alifungwa, lakini kabla ya hapo Mwalimu alikuwa ameshamfikia kwenye veranda ya mahakama. Mkasi wake mdogo wa kudarizi, ule wenye mdomo wa korongo, aliuficha ndani ya donge la sufu, akapita nao mbele ya askari, akamchoma nao shavuni mpaka ukagonga jino. Alilala seli. Asubuhi hakimu alimwonya na kumwacha aende, na jambo la kwanza aliloomba ni arudishiwe mkasi.

"Nataka paterni," aliniambia siku ile kibandani. "Nataka kujua hawa mbwa wanarukia nini."

Hilo ndilo alilolitaka, na hakutaka kingine. Alikuwa na hakika kwamba katikati palikuwa na paa. Paa anayeraruliwa. Binti yake alikuwa amechagua picha ile makusudi, alisema, ili mama yake aione na aelewe.

"Mbwa hawarukii hewa. Alikuwa ananiambia. Mimi sikuona."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutafuta paterni iliyoacha kuchapishwa kabla sijazaliwa, kwa ajili ya mwanamke niliyemchukia. Labda niliogopa kukataa. Nilipiga picha kitambaa, nikaisambaza kwenye makundi yote ya washonaji niliyokuwa nayo kwenye simu, na kila Jumamosi nikawa nafunga kibanda mapema tunatoka pamoja.

Tulianza kwa mzee wa nyuzi, Mswahili wa Lamu ambaye duka lake hapo mjini ni la zamani kuliko taa za barabarani. Hakuna aina ya uzi asiyoijua. Aliweka miwani, akainama, akakitazama kitambaa kwa heshima.

"Bibi, hizi mimi nilikuwa nikiziuza, zama hizo wateja wangu wengi walikuwa Wazungu. Sasa hazitengenezwi tena. Lakini usikate tamaa, zimelala majumbani mwa watu. Watafute wanaohama, watafute wenye misiba." Kisha akaongeza, kwa upole, "Doa hili ungeliosha kwa maji baridi na chumvi, lingetoka."

Mwalimu akapiga kiganja juu ya meza ya kioo kwa nguvu hata vikopo vya sindano vikamwagika sakafuni. "Doa hilo," alisema, "ndilo mtoto wangu."

Mzee aliinama akaanza kuokota sindano, na Mwalimu, baada ya kitambo, akapiga magoti akaokota naye. Tangu siku hiyo mzee yule alimwekea sufu ya kahawia ya rangi inayokaribiana na ile ya mbwa, akakataa kumuuzia mtu mwingine.

Westlands mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kuna kijana huko mwenye duka la vitu vya kale ndani ya jumba kubwa la maduka, kila kitu humo kimepanguswa na kuwekewa taa. Alikuwa na rundo la seti za kudarizi. Mwalimu alizipekua moja baada ya nyingine. Hakukuwa na karatasi hata moja.

"Paterni ziko wapi?"

"Ah, hizo makaratasi huwa natupa, mathe. Clients wanataka tu kitambaa, tunatengeneza nazo cushions za restaurant. Ni vintage, unaona? Hiyo karatasi haina kazi."

"Unatupa," alisema Mwalimu.

"Natupa."

Alimkamata tai. Sikuwahi kuona mwanamke wa umri ule akimvuta mtu kwa nguvu namna hiyo. Alimleta juu ya kaunta mpaka pua yake ikagusa mbao, akaizungusha tai kwenye ngumi yake. Kijana akaanza kukoroma. Bawabu alikuja mbio, akamshika Mwalimu kiunoni, na Mwalimu akamuuma mkono. Tulitolewa nje kwa ngazi za dharura. Huko chini alijipangusa mdomo, akanyoosha koti lake na kuniuliza kama nimebeba kitambaa. Niliona haya mpaka nyayoni, na pia, niseme ukweli, nilicheka njia nzima.

Wengi waliomjua wanadhani ukali wake uliletwa na msiba. Si kweli. Msiba uliukuta umekaa. Ila ukali wenyewe uligeuka upande. Huko kwao Mutuini alikuwa na vyumba vya kupangisha nyuma ya shamba lake la viazi, na mpangaji mmoja alipoanza kumpiga mkewe, Mwalimu hakuita mzee wa nyumba kumi wala mchungaji. Alichukua panga la kukatia nyasi za ng'ombe, akasimama mlangoni na kumwambia yule mwanamume atoke na nguo alizovaa. Alitoka. Godoro lake lilirushwa barabarani baadaye, mwendesha boda akalichukua. Jumapili Mwalimu alikuwa kanisani, mstari wa mbele, anaimba sauti ya kwanza.

Siku moja, tukisubiri nje ya geti la nyumba moja huko Karen, nilimuuliza kama binti yake hakuwahi kukimbilia kwake. Niliuliza tu ili wakati upite.

"Alikuja," alisema. "Mdomo umevimba. Amebeba hiki kitambaa kwenye mkoba, na nguo zake. Akasema, Mama, nimekuletea kitu, bado sijamaliza. Nikakichukua nikakigeuza. Nyuma kulikuwa na mafundo. Mafundo kila mahali. Na alikuwa ameanzia pembeni, ameacha katikati. Mtoto wangu mimi, ameanzia pembeni."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia arudi kwake akafumue."

Alilisema hivyo hivyo, bila kutikisika, akiangalia geti. Alikuwa ameangalia mgongo wa kitambaa kabla ya kuutazama uso wa mwanawe, kwa sababu ndivyo alivyotazama kila kitu maisha yake yote. Nilitaka kumwambia neno baya. Sikupata hata moja lililotosha.

Geti likafunguliwa. Wenye nyumba walikuwa wanahama, vitu vimepangwa kwenye nyasi, na mbwa wawili wakubwa wakaja wakibweka. Mlinzi alituambia, "Shosh, simama tu, hawaumi." Mwalimu alisimama. Kisha gari la mwenye nyumba likaingia, mama mmoja akashuka, na mbwa wale wakamrukia mpaka mabegani, midomo wazi, wanalia kwa furaha, naye anawasukuma akicheka.

Niliwatazama. Nikatoa kitambaa nikakitazama tena. Mikia ya mbwa wa kwenye kitambaa ilikuwa imeinuka juu.

"Mwalimu," nilisema, "mimi naona hawa hawawindi. Hawa wanafurahi."

Alinizaba kofi. Pale pale kwenye nyasi za watu, mbele ya mlinzi, mimi mama wa watoto wawili, mke wa mtu. Sikio likavuma. "Usinifundishe," alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka, "usinifundishe mtoto wangu." Tulizunguka meza zote, tukapekua masanduku yote, na hatukupata kitu. Tulirudi mjini kila mtu kwa njia yake.

Niliapa sitamwona tena, na kwa miezi kadhaa nilitimiza. Sufu yake ya kahawia ilikaa kwa mzee wa nyuzi. Mzee aliniuliza habari zake kila nilipopita, nami nilijifanya nina haraka.

Halafu asubuhi moja nikapata ujumbe kwenye simu kutoka kwa mwanamke wa Karen ambaye mama yake alikuwa amefariki. Alikuwa anasafisha chumba cha kushonea, akaikuta seti moja haijafunguliwa, akakumbuka picha yangu kwenye kundi lao. Mbwa ni wale wale, aliandika. Maua ni yale yale. Nilienda kuichukua mwenyewe. Mfuko ulikuwa na picha mbele, imefifia lakini inaonekana vizuri, na nilipoiona nilikaa chini kwenye ngazi za nyumba ya watu nisiowajua.

Hakukuwa na paa. Katikati palikuwa na mlango uliofunguliwa, na mwanamke mzee mwenye aproni amesimama ndani yake, mikono ameinyoosha. Mbele yake, kwenye ngazi, msichana mwenye mkoba mkononi. Mbwa walikuwa wa nyumba hiyo. Walikuwa wanamkaribisha.

Nilifikiria kuichoma. Sisemi ili nionekane mwema. Nilikaa nikaifikiria kweli, hata nikapapasa kiberiti mkobani. Kisha nikapanda bodaboda mpaka Mutuini, kwa sababu alitaka kujua, na mtu ana haki ya kujua anachokitafuta.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Alikuwa amezidi kukonda. Hakunisalimia. Aliuona mfuko mkononi mwangu, akaweka kisu chini, akafuta mikono kwa aproni.

"Geuza," nilimwambia, kwa kuwa nilikuwa nimeushika na picha imeelekea kwangu. Sikujua kwamba nimetumia neno lake, lile alilotuambia darasani kila alipotaka kuona mgongo wa kitambaa.

Aliuchukua akaugeuza. Maji ya viazi yakachemka yakamwagika kwenye moto, na hakuna kati yetu aliyeyasogelea.

"Aliacha katikati," alisema hatimaye, "ili nisijue mapema. Ilikuwa zawadi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Alikuja na mkoba."

Nilikuwa nimeanza kulia na sikutaka anione.

Akaenda chumbani. Nilimsikia akivuta droo. Aliporudi alikuwa ameshika kitambaa kwapani, na mkononi rula, ile ile, ya mbao, ukingo wa chuma umeingia kutu. Aliniwekea rula kiganjani na kunifunga vidole vyangu juu yake. Kisha akasimama mbele yangu, akakusanya vidole vyake vitano, ncha juu, akanyoosha mkono.

"Nipige," alisema.

"Mwalimu, hapana."

"Wewe unajua namna. Nipige."

"Mimi siwezi kukupiga, Mwalimu. Umri huo. Tafadhali."

"Nilimrudisha," alisema. "Alisimama hapo ulipo, nikamrudisha. Hakuna mtu aliyenipiga. Mahakama ilinionya tu. Kanisa liliniombea. Wewe una kidole chako, kitumie. Nipige, ama utoke kwangu na hiyo karatasi yako."

Mkono wake ulikuwa mzee, wenye madoa, vifundo vimevimba. Nilikumbuka damu yangu kwenye kiwiko, na kofi la Karen, na yule msichana mpole mwenye mdomo uliovimba akisimama mahali niliposimama mimi. Sijui nilikuwa nampigia nani kati yetu. Nilijua tu kwamba nikitoka nje bila kumpiga, atakiweka kitambaa kwenye moto pamoja na viazi, na yeye mwenyewe ataingia humo.

Nikampiga. Nilipiga kwa ukingo wa chuma, kwa nguvu, jinsi alivyotufundisha. Ngozi ya kidole chake cha kati ikapasuka na damu ikatoka.

Hakupiga ukelele. Alifumba macho, akayafumbua. Akaivuta stuli karibu na dirisha, akakilaza kitambaa mapajani upande wa nyuma, akapitisha kidole juu ya mafundo ya binti yake, moja baada ya jingine, na hakufumua hata moja. Kisha akakigeuza uso juu, akatunga sindano, na mwishoni mwa uzi akafunga fundo.

"Asante, Mwalimu," aliniambia, kwa sauti ya kutosha, akaanza kushona katikati.